Mwenye Miwani Asimame Wapi?

 Uko Wasso mjini, uko Sakala, Ololosokwan, Arash au Digodigo, au ndiyo unarudi kutoka mnadani redio ikiwa mfukoni, karibu tuzungumze. Leo nina jambo la muziki. Ikitokea siku mtu akaja bomani kwenu na kamera yenye macho pande zote, akasema anataka kuuingiza wimbo wa morani wa Kimaasai kwenye miwani ya kompyuta ili mtu wa London au wa Masaki, Dar es Salaam, auone kana kwamba yupo, usianze kumuuliza habari za pesa. Pesa tutazifikia. Muulize kwanza: huyo mwenye miwani utamsimamisha wapi?

Swali linaonekana dogo. Mimi naona ndilo lenye kazi yote.

Kwa asiyewahi kuiona, miwani yenyewe ni mikubwa, inaziba macho yote mawili kama ya mchomelea vyuma. Ndani kuna lenzi mbili, kila jicho na picha yake, na vihisi vinavyofuata kichwa. Ukigeuka kushoto picha inageuka, ukiinama unaona chini. Masikioni kuna spika ndogo, na sauti nayo inafuata mwendo huohuo: aliyekuwa upande wa mti anabaki upande wa mti hata wewe ukigeuza shingo. Wenyewe wanaita uhalisia pepe. Miwani ya Meta Quest 2 ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa dola 299, fedha ambayo kwa minada yetu haiko mbali na bei ya ng'ombe. Asiyekuwa na ng'ombe wa kuuza alikwishawekewa kitu cha bei rahisi tangu 2014, kiboksi cha karatasi ngumu kinachoitwa Google Cardboard. Unachomeka simu yako humo, unakishika usoni, unaangalia.

Muziki uliingia humo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1992, huko Chicago, Mmarekani Jaron Lanier alipanda jukwaani amevaa miwani na glavu yenye vihisi, akapiga vyombo ambavyo havipo popote duniani ila ndani ya kompyuta yake. Watu ukumbini walitazama kwenye skrini kubwa kile alichokuwa anakiona yeye. Mpigaji ndiye aliyekuwa ndani, wasikilizaji wakabaki nje. Siku hizi wamegeuza: msikilizaji ndiye anaingizwa ndani, na mara nyingi mpigaji hayupo kabisa. Aprili 2020, wakati wa korona, Travis Scott alitokea ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite akiwa jitu refu kama mlima, na watu milioni 12.3 walikuwa humo kwa wakati mmoja katika onesho la kwanza. Walitumia skrini za kawaida tu, si miwani. Onesho halikufika dakika kumi, na lilikuwa limetengenezwa tayari. Kilichokuwa mubashara ni watazamaji.

Tusiwacheke sana. Na sisi tumelipa kiingilio mara ngapi, msanii akapanda jukwaani, CD ikaimba, yeye akawa anarusha mikono na kutuambia tupige kelele?

Mkesha wa kuingia mwaka 2021 Mfaransa Jean-Michel Jarre alifanya tofauti kidogo. Alikaa studio mjini Paris akapiga vinanda vyake kwelikweli, huku taswira yake ikipiga ndani ya Kanisa la Notre-Dame lililochorwa kwa kompyuta, na wenye miwani wakatembea humo humo. Kanisa la mawe lilikuwa limeungua Aprili 2019 na halikuwa limefunguliwa bado. Nao ABBA, Waswidi, walijengewa ukumbi London uliofunguliwa Mei 2022. Wazee wanne walivaa nguo za vihisi kwa wiki tano mbele ya kamera 160, kompyuta ikawarudisha ujanani. Hapo hakuna miwani, kuna skrini kubwa tu. Lakini angalia walichokiacha kikiwa hai: bendi ya watu kumi wanaopiga kila onesho, pembeni ya zile sura za mwanga. Waliobuni walijua kwamba watu watavumilia mwimbaji wa taswira, ila mpiga ngoma awe mtu anayetoka jasho.

Yote hayo yana kitu kimoja. Yana jukwaa mbele, na watu wanaotazama jukwaa. Mbunifu wa onesho la namna hiyo hapati shida ya kumweka mwenye miwani: anampa nafasi nzuri, karibu na mbele, bila mrefu wa kumkinga, amemaliza.

Sasa rudi hapa kwetu.

Wimbo wa morani hauna ngoma ya kupigwa, hauna gitaa, hauna mdundo wa kompyuta. Anaanza olaranyani. Huyu hachaguliwi kwa kura wala kwa sura. Ni yule ambaye sauti yake inafaa wimbo huo na kumbukumbu yake haimwangushi. Anatupa mstari mmoja juu, wenzake wanaupokea, na chini yake inaingia ile sauti nzito ya koo na kifua, pumzi inayotoka kwa nguvu, shingo zikienda mbele na kurudi nyuma pamoja. Mmoja anaingia kati, au wawili. Anaruka wima, mgongo umenyooka, visigino havigusi ardhi. Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wageni wengi wanapopitwa: kadiri anavyopanda, na sauti za waliomzunguka zinapanda. Anayeruka anaivuta sauti ya kundi zima kwa miguu yake. Akichoka anatoka, mwingine anaingia, sauti inashuka na kuanza upya. Ndito, yaani wasichana, nao wanatikisa mabega, shanga na vile vidani vya bati vinalia, na huo ndio mdundo wenyewe.

Nionyeshe hapo mtazamaji yuko wapi. Hayupo. Kuna anayeongoza, kuna wanaopokea, kuna anayeruka, kuna wanaosubiri zamu, kuna akina yeyo, yaani akina mama, wanaosimama pembeni na kupiga vigelegele wanapoona inafaa. Mtu asiye na kazi hana pa kusimama. Ukitaka kuona wimbo huu ukipewa mtazamaji, nenda kwenye yale maboma ya utalii kandokando ya barabara ya hifadhi. Utaona duara limefunguka likawa mstari, nyuso zote zimeelekea kwenye gari. Siwalaumu wanaoimba pale, wana watoto wa kusomesha. Ninachosema ni kwamba wimbo ule umeshabuniwa upya kwa ajili ya mtu mwenye kamera, na mwenye miwani akiwekwa palepale ataupata wimbo wa mstari, akidhani ameupata wa duara.

Basi tumsimamishe wapi? Watengenezaji wengi, wakiwa na kamera ya nyuzi 360, wanaiweka katikati, kwa sababu katikati inaona wote. Kwa bendi ya Dar hilo linafaa sana. Kwa duara la morani ni kosa, kwa sababu katikati ni mahali pa kurukia. Kamera haipandi. Itasimama juu ya miguu yake mitatu, sauti zitapanda kwa ajili ya nani? Na usifikirie kwamba dawa ni kumrusha mwenye miwani kwa picha, ajione amepanda hewani ilhali yuko sebuleni kwake amesimama. Sikio la ndani, linalopima mwendo wa mwili, litakataa kukubaliana na macho, na yule mtu atapata kichefuchefu kabla ubeti haujaisha. Wanaobuni mambo haya wanalijua tatizo hilo tangu zamani, ndiyo maana wanaogopa kumsogeza mtu ambaye hajajisogeza mwenyewe.

Mimi ningemsimamisha ndani ya duara lenyewe, bega kwa bega, kati ya morani wawili. Hapo anasikia kifua cha jirani wa kulia na pumzi ya jirani wa kushoto, na olaranyani anamjia kutoka upande wa pili. Lakini mara tu unapomweka hapo anakuwa na deni. Akinyamaza, duara lina pengo. Kwa hiyo onesho ni lazima limdai sauti. Miwani hizi zina maikrofoni tayari; kazi ni kuandika programu inayosikia kama mtu anatoa ile pumzi kwa wakati wake au ananyamaza, na inayoifanya picha ijibu. Akipokea vizuri, wenzake wanamsogelea. Akinyamaza muda mrefu, duara linajifunga taratibu na anajikuta nje, pamoja na watoto na mbwa. Huo ndio ubunifu ninaouona una heshima na mambo yetu, na hauhitaji kompyuta ya ajabu.

Kuna pia suala la mori. Morani akipandwa na mori katikati ya wimbo, anatetemeka, anaweza kuanguka, na wenzake wa rika wanamshika mpaka apoe. Kila aliyekua huku amewahi kuona. Je, jambo hilo lirekodiwe? Mwenye miwani aliyeko ng'ambo hana mikono ya kumshika mtu. Nikiwa mimi, ningezima mashine hapo. Wengine wataniona mshamba.

Tuzungumze sauti kidogo, maana redio ni sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na Kenya na mashine zake akirekodi nyimbo, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Tracey alikuwa na mtindo wake: maikrofoni aliishika mkononi, anaisogeza kwa mwimbaji kiongozi, anaipeleka kwenye vyombo, anaigeuzia kiitikio. Tunachokisikia leo kwenye santuri zile ni uamuzi wa mkono wake. Miaka ya 1970 Mwingereza Michael Gerzon na wenzake wakafikiria maikrofoni yenye vinasa vinne vilivyopangwa kuelekea pande nne, inayokamata sauti kutoka kila upande kwa mpigo mmoja. Kwa miwani hiyo ndiyo inayofaa, kwa kuwa anayegeuza kichwa ndiye anayechagua asikilize nani. Mkono wa Tracey unaondoka. Lakini uamuzi hauondoki: kuna mtu bado alichagua maikrofoni isimame karibu na nani, na nyuma ya nani.

Hapa nifike kwenye jambo linalonikaa moyoni. Tangu Juni 2022 familia nyingi kutoka Hifadhi ya Ngorongoro zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Ubishi wa kuhama kwenyewe una vipindi vyake, sitauingiza hapa. Nauliza la muziki tu: watu wa rika moja, baadhi wako huku, baadhi wako Msomera, kila upande na duara lake, je, wanaweza kuimba wimbo mmoja kwa wakati mmoja ndani ya miwani?

Tatizo ni kuchelewa. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya sekunde mara elfu. Kila kipande kinaitwa milisekunde, na katika milisekunde moja sauti inatembea sentimita 34 hivi. Wanamuziki wanaotegemeana huanza kuyumba kuchelewa kunapofika milisekunde 25 au 30, ambazo ni sawa na kusimama mbali kama mita nane hadi kumi. Sishangai kwamba morani wakipamba moto duara linabana. Chris Chafe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaweka watu wawili vyumba tofauti wapigiane makofi kwa waya, huku wao wakibadilisha kuchelewa. Kuchelewa kukiwa kudogo sana, kama chini ya milisekunde 11, wapigaji huelekea kukimbia. Kukizidi hapo wanaanza kuburuta, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unapita kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo umbali wa Msomera wenyewe si kitu. Kinachotuumiza ni njia: mnara, mitambo, pengine mpaka Dar es Salaam na kurudi, na kila kituo kinakula muda wake. Kwa mtandao wa simu unapoteza makumi ya milisekunde, tena leo hivi, kesho vile, na bando linaisha. Kuimba kwa pamoja kwa njia hiyo, kama mnavyoimba mkiwa uwanja mmoja, hakuwezekani. Usikubali mtu akuuzie hilo.

Ila kuna ujanja, na wimbo wetu unaupokea kuliko nyimbo nyingi. Tangu mwaka 2005 kuna programu iitwayo NINJAM ambayo haijaribu kushindana na kuchelewa. Inaongeza kuchelewa huko makusudi mpaka kufikia mzunguko mzima wa muziki. Wewe unapiga juu ya mzunguko uliopita wa mwenzako, yeye anapiga juu ya uliopita wako. Kwa wimbo unaobadilika kila mstari ni vurugu. Kwa wimbo wa morani, kiitikio ni kilekile kinachorudi, na kinachobadilika ni maneno ya olaranyani. Kiitikio cha Msomera kikifika huku kimechelewa mzunguko mmoja kamili, kitakaa mahali pake bila kumkwaza mtu. Kuruka tu ndiko kusikogawanyika: sauti haiwezi kupanda sasa kwa mtu aliyeruka mzunguko uliopita. Kwa hiyo kila upande uruke kwao, na viitikio viunganishwe. Ningependa sana kulisikia jambo hilo likijaribiwa, hata kwa hedifoni na simu mbili, bila miwani.

Sasa pesa na ruhusa.

Ukivalishwa nguo za vihisi ukaruka, kompyuta haihifadhi picha yako tu. Inahifadhi mwendo: goti, kiuno, shingo, kila kiungo kwa namba zake. Mwendo huo unaweza kuvishwa mwili mwingine, ukauzwa. Hilo si la kubuni. Mwaka 2018 huko Marekani, mwanamuziki 2 Milly na mwigizaji Alfonso Ribeiro waliwashtaki wenye Fortnite wakidai densi zao zinauzwa ndani ya mchezo bila wao kulipwa. Mwaka 2019 kesi hizo ziliondolewa mahakamani. Hao ni watu maarufu wenye mawakili. Sasa jiulize kuruka kwa morani ni kwa nani, atakwenda nani mahakamani, na atasema kuruka kule kulianza lini.

Kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikulisahau jambo hilo. Inasema sanaa za jadi zikitumiwa kwa kutafuta faida, nje ya mazingira yake ya mila, kibali kinahitajika, na ikalitaja Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kuwa mtoa kibali. Ni vizuri. Lakini BASATA iko Dar es Salaam, na wimbo uko Wasso. Mgeni anaweza kuwa na karatasi yenye muhuri na bado laigwanani, kiongozi wa rika lile, hajui lolote, wala akina mama ambao nyimbo zao za kuomba watoto hazikutungwa kwa ajili ya masikio ya kila mtu. Kwa maoni yangu kibali cha Dar ni mlango wa kwanza. Mlango wa pili uko bomani, na huo ndio mgumu.

Tumewahi kuona mlango huo ukirukwa. Mwaka 2017 Samwel Nangiria wa hapa kwetu Loliondo aliingia Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, akakuta vitu vya Kimaasai ambavyo familia haiwezi kuviuza wala kumpa mtu, vya kurithishwa baba kwa mwana, vimelala kabatini na maelezo yasiyosema hivyo. Mwaka uliofuata wazee kutoka Tanzania na Kenya wakaenda wenyewe kuviangalia na kuzungumza na wakuu wa makumbusho. Vile ni vitu, vina mahali vilipo, mtu anaweza kupanda ndege akavifuata. Mwendo wa mwili uliogeuzwa namba unakaa kwenye kompyuta elfu kwa wakati mmoja, na hakuna mzee atakayepanda ndege kuufuata.

Sisemi tufunge milango. Nairobi kuna Black Rhino VR wanaofanya kazi hii miaka sasa, na Ng'endo Mukii alitengeneza filamu ya miwani, Nairobi Berries, akauonyesha mji wake kama anavyouona yeye, bila kusubiri mgeni auone kwa niaba yake. Wetu watafika. Nataka wafike wakiwa wamekwishajua duara.

Kwa hiyo vijana wa Wasso, Loliondo na Sale mnaonisikiliza, mlioko sekondari na mliokwishamaliza: msisubiri miwani. Anzeni na sauti. Kaeni na olaranyani mmoja mnayemjua, mkubaliane naye na wa rika lake, mrekodi wimbo mmoja kutoka mahali pane tofauti ndani ya duara, kisha mmsikilizishe yeye mwenyewe na mumuulize ni wapi panasikika sawasawa. Jibu lake liandikeni. Na wewe mzee, au wewe mama, uliyewahi kurekodiwa na mgeni na hujui wimbo wako ulikokwenda, njoo hapa kituoni utuambie ulikuwa mwaka gani na wimbo gani, ili tuanze kutunza orodha.